Rangi katika stara: mama zenu walivaa nini, na nyinyi mnavaa nini? Tupeane uzoefu

Binti Mkunazini (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wana jamvi.

Uzi huu ni wa kina mama na kina dada, ingawa mwenye kumbukumbu ya nguo za bibi yake akaribie, awe mwanamme au mwanamke. Nataka tuzungumze rangi. Urefu wa nguo, nikabu ni faradhi au sunna, hayo yana nyuzi zake na mashekhe wake. Hapa tuseme jeusi lilitujia vipi, rangi nyingine zimekwenda wapi, na wewe unayejistiri leo unachagua kwa kuangalia nini.

Nimelianzisha kwa sababu naumia ninaposikia mabinti wadogo wa chuoni wakiambiwa kwamba mtandio wa manjano si stara, utafikiri bibi zetu wote walizaliwa ndani ya mabaibui. Historia ya Unguja haisemi hivyo. Mwanahistoria Laura Fair ameieleza vizuri. Zama za utumwa mjakazi alivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki iliyoiva kwa nili, na ruhusa ya kujifunika kama mabibi waliommiliki hakupewa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake hao wakaikimbilia kanga kwa maua na rangi zake zote. Miongo michache baadaye wakaliingia baibui jeusi, ambalo mwanzo lilikuwa vazi la wenye uwezo, hasa wenye asili ya Arabuni. Kwa hiyo baibui lilivaliwa kwa fahari na watu waliowahi kunyimwa stara, na mimi siwezi kulidharau. Lakini lilikuja baada ya kanga, na walioishi kabla yake hawakuwa uchi.

Haya, semeni. Mama zenu walivaa nini kutoka nje? Nguo gani ilivaliwa siku gani? Na nani alikufundisheni?

Mwana Amu

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu.

Bibi yangu mzaa mama alivaa buibui la kamba mpaka siku ya mwisho ya kutoka nje kwake. Vijana hamulijui. Halikuwa koti lenye mikono na vifungo kama haya ya sasa. Lilikuwa kitambaa cheusi kipana kilichoshonwa kikawa duara, unaingia ndani yake, kamba unaifunga kichwani, na kipande cha juu unakiteremsha usoni ukitaka au unakirudisha nyuma ya kichwa. Mikono yote imo ndani. Ukibeba kikapu, unakibeba ndani ya buibui.

Na yeye alisimuliwa na wakubwa wake habari za shiraa, iliyokuwapo kabla. Hiyo ilikuwa nguo kubwa ya kumfunika mwanamke mungwana mzima, ikishikiliwa kwa vijiti, naye akitembea ndani yake. Zamani za watumwa vijiti vilishikwa na wajakazi. Utumwa ulipoondoka mwenye nguo akajishikia mwenyewe. Nikiifikiria naona dhuluma mle ndani, kwa sababu anayesitiriwa na anayemshikia kitambaa ni wanawake wawili, na mmoja yuko juani bila chochote.

Sasa kwenye rangi. Watu wanaotuona njiani wanasema Amu ni nyeusi tupu. Hao hawajaingia ndani. Ingia nyumba yenye arusi, wanawake peke yao, mabuibui yamewekwa chumbani, uone. Leso mpya (nyinyi mnaziita kanga), magauni ya kijani, ya waridi, ya dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, vikuba vya asumini na mrihani vifuani. Bibi yangu alikuwa akisema rangi ni za wenyewe. Hakuwahi kuniambia rangi ni haramu. Aliniambia zina pahali.

Ummu Twaha

Dada zangu, niruhusuni niseme upande wangu, maana naona uzi unaelekea kuwaona wavaa jeusi kama tumepotezwa na mtu.

Mimi nimekulia Dar, nyumba ya kanga na mitandio ya maua. Mama yangu hakuwahi kumiliki baibui. Nimelivaa kwa hiari yangu nikiwa chuo kikuu, na sijaliacha. Sababu ya kwanza ni dini: amepokea Abu Dawud kutoka kwa Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba iliposhuka aya ya jilbabu (Al-Ahzab, aya ya 59) wanawake wa Kiansari walitoka kama kwamba vichwani mwao mna kunguru, kwa nguo walizojifunika. Mimi ile picha inanitosha. Nataka nifanane na wale.

Sababu ya pili ni utulivu. Baibui limeniondolea mashindano. Kazini kwetu kila Ijumaa ni nguo mpya, na mwenye mshahara mdogo anakopa ili asionekane amerudia. Mimi hakuna anayejua kama nimerudia. Jeusi langu limemstiri maskini aliyemo ndani yangu, na hilo nalo ni stara.

Sisemi wa rangi amekosa. Nasema tusiombane msamaha.

Binti Mkunazini

Ummu Twaha, karibu sana, na hoja yako ya mashindano nimeipokea kwa mikono miwili. Hadithi hiyo naijua na naiheshimu. Naongeza na hii iliyomo kwa Bukhari, kutoka kwa Ikrima: mwanamke aliyekuwa ameachwa na Rifaa alikwenda kwa Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akiwa na ushungi wa kijani. Alikuwa na mashitaka mazito, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsikiliza. Rangi ya ushungi wake haikukemewa. Na imepokewa vilevile kwamba Bi Aisha mwenyewe alivaa nguo zilizotiwa rangi ya kartamu, lile ua la manjano, akiwa katika ihramu. Kunguru wapo, na kijani kipo. Wote ni mama zetu.

Fundi wa Darajani

Naomba na mimi mwanamme niseme, maana nimeshona mabaibui kabla ya wengine humu hamjazaliwa.

Watu wanabishana rangi na kusahau kitambaa. Mteja anakuja na shifoni nyeusi anasema fundi nishonee la stara. Shifoni nyeusi ukiiweka dirishani unauona mkono wako na pete yake! Mwingine anakuja na krepu nzito ya rangi ya udongo, haionyeshi kitu, haishiki mwili, inamwagika vizuri, na bado mama mkwe anamnunia kwa kuwa si nyeusi. Mimi humwambia mteja atie mkono ndani ya kitambaa na akisogeze kwenye mwanga. Kivuli cha vidole kikitoka, kinataka bitana, kiwe cha rangi yoyote.

Rangi hafifu zina kazi zaidi, huo ni ukweli. Nyeupe, maziwa, samawati ya mbali, waridi ya mbali, zote zinataka bitana mpaka chini au gagulo, na bitana lenyewe liwe rangi ya ngozi ya mvaaji au rangi ya kitambaa, si jeupe pee, maana jeupe ndani ya jeupe huonyesha mstari. Uzi pia. Fundi mvivu anashona kila kitu kwa uzi mweusi. Kwenye nguo ya zaituni mshono mweusi utauona toka ng'ambo ya barabara.

Na nyeusi si moja. Ipo nyeusi ya nida, kitambaa cha mabaibui, inayokaa miaka, na ipo inayokuwa kahawia mabegani baada ya msimu mmoja wa jua. Anika baibui kivulini, ulipindue ndani nje, usilifue na maji ya moto. Mwenye kanga mpya ailoweke kwanza katika maji ya chumvi kabla ya kuichanganya na nguo nyingine, hasa ile yenye nyekundu.

Zamani kazi ya baibui ilikuwa mshono mmoja na pindo. Leo binti anataka tarizi kwenye mikono, shanga kifuani, lesi pindoni, yote juu ya jeusi. Wallahi nimeshona mabaibui meusi yanayong'ara kuliko kanga yoyote. Kama hoja ni kutovuta macho, basi tuitazame nguo nzima.

Mwenye Rida, Mombasa

Salaam. Mimi ni Mbohora, Muislamu wa madhehebu ya Kishia, nimezaliwa Mombasa Mji wa Kale na Kiswahili ndicho lugha ya mchezo wangu wa utotoni. Nimefurahi kuona uzi huu kwa sababu sisi hutambulika kwa rangi.

Vazi letu ni rida. Ni vipande viwili, sketi pana na kilemba-joho cha juu kinachofunika kichwa, mabega na kifua mpaka kiunoni au kupita, na pembeni ya uso kuna kipande kidogo, pardi, unachoweza kukivuta. Rangi utaziona zote: pichi, zambarau, kijani cha embe bichi, samawati, na lesi juu yake, na nakshi. Nyeusi ndiyo utakayoikosa. Mama zetu wa zamani walivaa kwa namna tofauti tofauti. Rida kama vazi la kila siku ilienea katika jamii yetu yote kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, kwa maagizo ya Syedna, kiongozi wetu wa dini. Wanaume wakashika kanzu nyeupe na kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu.

Nilipokuwa msichana nikipita Marikiti na wenzangu wa shule wenye mabuibui, watu walidhani hatuna dini moja. Mama wa rafiki yangu, Mswahili, ndiye aliyekuwa akiwajibu. Alikuwa akiniita mwanangu na kunipa tende mlangoni kila Ramadhani. Sijui kama anajua alichonifanyia.

Mwalimu wa Fizikia

Kuna mtu lazima atauliza habari za joto, basi niliseme mapema. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliopima joto la majoho ya Mabedui jangwani, meusi kwa meupe. Joho jeusi lilipata joto zaidi kwenye kitambaa, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa na la joho jeupe. Sababu ni upana. Hewa inapanda ndani ya nguo iliyolegea na kutoka juu pamoja na joto lake.

Jangwa lakini ni kavu. Tanga, Unguja, Mombasa hewa ni ya unyevu na jasho halikauki upesi. Kwetu pamba na upana vina maana kubwa. Baibui jeusi la pamba lililo pana litakuwa na nafuu kuliko juba la waridi la nailoni lililobana.

Mama wa Ngamiani

Nimesoma yote. Sikupanga kuandika.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Nimekaa eda miezi minne na siku kumi kama Mwenyezi Mungu alivyoamrisha. Katika hadithi ya Ummu Atiyya, mjane hujizuia na nguo zilizotiwa rangi za kujipamba, na wanja, na manukato. Kwetu wifi zangu waliniletea nguo nyeupe, nyepesi, zisizo na pindo wala ua. Nyeupe. Nilipokuwa mtoto nilimwona bibi yangu naye kizuka ndani ya nyeupe, basi nilijua nitafanana na nani.

Katika miezi ile ndipo nilipoijua rangi. Nilikuwa nikikaa barazani ndani, watoto wa jirani wakipita na kanga za mama zao, na macho yangu yakizifuata zile nyekundu kama mwenye kiu. Sikuwa nalalamika. Mtu aliyekufa alikuwa mume wangu, na dunia ilistahili kupungua rangi kwa ajili yake.

Siku ya kutoka eda wifi zangu walikuja alfajiri, nikaoga, wakanivika doti ya kanga mpya, ya machungwa na kijani, imeandikwa SUBIRA HUVUTA HERI. Wifi mkubwa ndiye aliyenifunga, na alilia yeye zaidi yangu. Wale wanaosema rangi ni mapambo tu hawajakaa eda. Mwanamke akitolewa kwenye nyeupe na kurudishwa kwenye rangi, ni ndugu wa marehemu wanaomwambia bado u hai, na sisi tumekuridhia uishi.

Dera nimevaa siku hizi, la buluu. Baibui navaa msibani na nikienda mjini.

Binti Mkunazini

Mama wa Ngamiani, Allah amrehemu mzee na akupe wewe subira na umri. Nimekaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Ahsante kwa kutuamini na hili.

Hajjati wa Ilala

Allah amrehemu. Amin.

Nami nichangie la hija. Wengi wanadhani mwanamke naye ihramu yake ni nyeupe. Si hivyo. Mwanamme ana shuka zake mbili. Mwanamke anahirimia na nguo zake za kawaida za stara, ila hafungi nikabu wala havai glavu. Wa Afrika Magharibi niliwaona na vitambaa vya maua makubwa, Wahindonesia kundi zima mitandio ya rangi moja, kundi jingine rangi nyingine, na sisi Watanzania tulishonewa sare ya kitenge.

Mwanzo niliona kitenge kile kama si cha ibada. Mina ilinifundisha. Katika umati ule mzee wetu mmoja alipotea, naye hajui Kiarabu wala Kiingereza. Aliyemrudisha ni Mturuki aliyeiona sare yake, akatazama huku na huku mpaka akatuona sisi wenye kitambaa kilekile. Ingekuwa wote tumevaa nyeusi, tungemtafuta mpaka usiku.

Na huko Saudia kwenyewe mambo yamesogea. Machi 2018 mwanamfalme Mohammed bin Salman alisema hadharani katika mahojiano ya televisheni ya Marekani kwamba sheria ya dini inataka stara na heshima, haikutaja abaya jeusi. Jedda niliona mabinti na abaya za kijivu, za buluu na za rangi ya mchanga.

Dada wa Buyenzi

Amahoro na salaam kutoka Bujumbura. Huku Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili, baibui jeusi si vazi la kila siku kwa kina mama wa umri wangu. Ni kitenge, juu na chini, na mtandio wa rangi inayokubaliana nacho. Siku ya Idi barabara nzima unaweza kuijua familia kwa kitenge chake, maana mama ananunua kitambaa kimoja na kuwashonea mabinti wote. Vijana ndio wanaovaa majuba meusi, na wanayapata kwa wafanyabiashara wanaotoka Dubai. Mama yangu akiwaona anasema mashaallah, kisha ananiuliza nani amefariki. Kwake jeusi ni msiba.

Mtoto wa Maskati

Sisi wa Oman wenye asili ya Unguja tuna habari ndefu na hii nitaifupisha.

Nje ni abaya jeusi. Mgeni akitua Maskati ataona hivyo. Lakini vazi la Kiomani lenyewe, la kimila, ni la rangi kali: kanzu, suruali yenye nakshi vifundoni, na kitambaa cha kichwa, na kila mkoa una namna yake. Dhofar wana gauni la mahameli fupi mbele na refu nyuma likiburura chini. Jeusi limekaa juu ya hayo yote.

Na nyumbani kwetu chini ya abaya kuna kanga. Bibi yangu aliondoka Unguja baada ya 1964, hakuchukua kitu cha maana isipokuwa dhahabu kidogo na kanga. Akisali anajitanda kanga, akimfunika mtoto ni kanga, akiumwa anafungwa kanga tumboni. Jamaa akitoka Zanzibar tunamwagizia doti. Binamu zangu ambao Kiswahili kimewapotea wanazijua rangi na hawawezi kusoma maandishi yake.

Halwa na Kashata

Naulizia. Naolewa Shaaban inshaallah, Mombasa. Mama mkwe anataka nikatolewe na shela jeupe la Kizungu, mama anataka kisutu, mimi nilikuwa nimeshanunua abaya la dhahabu. Kisutu ni lazima? Na nikikivaa, kinavaliwaje pamoja na stara mbele ya wanaume wa kwenye nikahi?

Mwana Amu

Mabruuk, mwanangu. Lazima ya sheria haipo. Ya mila ipo. Kisutu, leso ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo leso kongwe ya bibi-arusi pwani yote, na kwetu mama hupenda iwemo kwenye sanduku la binti hata kama hataivaa. Siku ya nikahi wewe huhitaji kuwako mbele ya wanaume, walii wako anakutosheleza. Kisutu kivae ndani, siku ya kupambwa, mbele ya wanawake wenzio. Shela na abaya vina siku zao, arusi yetu haijawahi kuwa ya siku moja. Nenda Mtaa wa Biashara hapo Mombasa. Kuna duka la leso la tangu 1887, lile la Mali ya Abdulla, na jirani zake. Itazame nyekundu yake mchana, nje ya duka, kabla hujalipa.

Fundi wa Darajani

Na pindo zake zikunjwe kabla ya siku yenyewe, bibi. Leso huuzwa mbili zimeunganishwa, wengi hukumbuka kuzikata na kukunja usiku wa mkesha, wakati mafundi wote wamelala.